Mashine ya Kasmiri

Kila asubuhi Tekla na binti yake Aurelia walitwanga mpunga nje ya nyumba yao, kijijini Namawala. Mume wa Tekla, Kasmiri, aliwaonea huruma.

"Mama Aurelia, utazeekea kwenye kinu," alisema. "Nitakununulia mashine."

Hakuwa mtu wa maneno matupu. Aliuza shamba la Katindiuka, aliloachiwa na baba yake, akanunua mashine ya kukoboa mpunga. Ilipowasili, kijiji kizima kilitoka kuishangaa.

Lakini Namawala ya miaka ile ilikuwa na nyumba chache. Baada ya mavuno, mpunga wa kukoboa uliisha upesi. Masika barabara ilifunikwa na maji, na mafuta ya injini hayakufika. Mkanda wa mashine ulipokatika, Kasmiri aliuza baiskeli yake anunue mwingine.

"Baba Aurelia, tuiache," Tekla alimsihi.

"Niiache vipi? Shamba la baba limo ndani ya chuma kile! Nikiiacha, nimelitupa."

Akapanda mtumbwi kufuata mafuta Ifakara, na mto ulikuwa umefurika. Wavuvi waliukuta mtumbwi umepinduka kwenye matete. Kasmiri alipatikana mbali kidogo, mto unakoshukia, amekwisha kufa.

Baada ya mazishi, Mzee Mbaruku, mwenye duka Kibaoni, alikuja kutoa pole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akupe subira."

Tekla alijifuta machozi. "Nataka kuuza na shamba la hapa, ninunue mafuta. Mashine isipofanya kazi, mume wangu atakuwa amekufa bure."

Mbaruku akasema kwa upole, "Shamba la Katindiuka limekwenda. Kasmiri naye amekwenda. Mashine ifanye kazi, isifanye, hawarudi. Basi usiwatie kwenye hesabu ya kesho. Jiulize jambo moja tu: kuanzia leo, kazi ambayo mashine hii itapata italipa mafuta, mkanda na fundi, na bado ikubakizie kitu?"

Tekla alilia sana. Maneno yale yalimuuma kwa sababu yalikuwa ya kweli.

"Hapa haiwezi," alisema mwishowe.

"Na Kibaoni?"

"Kule mpunga unatoka vijiji vingi. Mafuta yapo hata masika."

"Hata hivyo usiniamini mimi. Njoo uulize mwenyewe. Na shamba usiliuze. Ukiliuza, hesabu kwamba umepoteza pia chakula ambacho lingekupa."

Maji yalipopungua, Tekla alikwenda Kibaoni. Aliwauliza akina mama kama wangeleta mpunga, na wangekubali kulipa kiasi gani. Alimuuliza fundi gharama za injini. Aliporidhika, ndipo akaihamisha mashine. Mbaruku alimpa kibanda nyuma ya duka na kumkopesha mafuta ya kuanzia, wakakubaliana kugawana faida.

Mavuno yalipofika, wanawake walipanga foleni na vikapu vyao. Mashine ilijilipia gharama zake, ikabakiza. Shamba la Namawala liliendelea kuwalisha, na Aurelia akaanza shule.

Siku moja jirani yake Scolastica alimwambia, "Nasi tunataka kununua mashine. Tufanyeje?"

"Kabla ya kununua, ulizeni itapata kazi ya kutosha hapo mtakapoiweka," Tekla alijibu. "Na mkishaona haifai, muiache, hata kama mmeigharamia sana."

Aligeuka akaitazama mashine. Scolastica akamshika mkono. Wakasimama hivyo, injini ikiunguruma, mpaka Tekla aliposema, "Nilimsihi Kasmiri aiache, lakini hesabu hii sikuijua, wala hakupata wa kumwambia."