Kilichokuwa Kikiandika Kwenye Diski

Nilikwenda kwa Damiani saa kumi na mbili jioni. Diski ya kompyuta nilikuwa nimeifunga kwenye ncha ya kanga, nimeishika kama mtu aliyebeba mayai.

Diski ilikuwa ya Rahimu, mtoto wa shemeji yangu. Mwaka ule, elfu mbili na tano, alikuwa na kazi Dodoma kwenye mradi fulani wa nyuki. Miaka mitatu kabla alikuja hapa Itigi akamrekodi mume wangu, Mselemu, akieleza namna ya kurina asali. Dakika nne tu. Mwaka uliofuata Mselemu akafa.

"Kuna mahali humo ndani anakuita, mama," Rahimu aliniambia alipokuja nayo kunisalimia.

Jina langu ni Mwantum, lakini hapa hakuna aliyebaki kuniita hivyo. Mimi ni bibi, ni mama, ni yule mjane wa kule karibu na reli. Wanangu wako Mwanza na Dar, wanapiga simu kwa jirani, tena kutoka sikukuu ya Idi hadi Idi nyingine. Kwa hiyo niliitaka ile sauti. Sitakuficha.

Ila diski ilikuwa ya ofisi. Kesho yake ilitakiwa irudishwe, ifutwe kila kitu. Na Rahimu alikuwa anaondoka na treni ya saa mbili kasoro robo.

Damiani alikuwa karani wa reli mpaka walipompunguza. Akanunua kompyuta ya mezani, akafungua chumba cha kuchapa barua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fanya haraka, sikuja kunywa chai."

"Na chai yenyewe haipo."

Akachomeka waya, akaanza kuihamishia ile sauti kwenye kompyuta. Kompyuta ikaandika kwamba zimebaki dakika mbili. Tukangoja. Ikaandika tisa. Halafu ishirini na sita. Damiani akakohoa.

"Mashine yako inahesabu kinyumenyume," nikamwambia.

Akacheka. "Ni hili tundu la mbele la waya, ni zito. Ngoja nihamishie nyuma."

Akahamishia nyuma. Arobaini. Akabadili waya, akaweka mfupi. Akafunga programu zote, mpaka ile ya kukagua virusi.

Hamsini na nane.

Damiani akaacha kucheka. Akasogeza uso kwenye kioo.

"Mama... hii diski inakwenda polepole kwa sababu ina kazi mbili. Sisi tunasoma. Na kuna kitu kingine kinaandika."

"Kitu gani?"

"Sijui. Nimeshafunga kila kitu."

Akanionyesha kwa kidole. Faili la Mselemu, lile la dakika nne, sasa lilikuwa na dakika kumi na moja. Tukiwa bado tunalitazama, likawa kumi na mbili.

Adhana ya magharibi ikaisha. Nje pakanyamaza. Halafu harufu ikaingia... moshi wa magome, ule wa kufukuzia nyuki.

"Unachoma nini, Damiani?"

"Sichomi kitu."

"Basi fungua hilo faili tusikie."

"Tungoje kwanza—"

"Treni haitungoji. Fungua."

Akafungua, akarusha mbele mpaka baada ya dakika ya nne. Spika zikakoroma. Kimya. Mtu akakohoa. Damiani akajishika kifua, maana kikohozi kilikuwa chake. Halafu ikaja sauti yangu mwenyewe.

"Mashine yako inahesabu kinyumenyume."

Nikamgeukia. "Una maiki humu?"

"Sina, mama. Sijawahi kuwa nayo."

Spika zikaendelea kukoroma. Halafu...

"Mwantum."

Mselemu. Ile sauti yake ya kukwaruza, ya mtu aliyekula moshi maisha yake yote.

Kimya. Kimya cha mtu anayetega sikio.

"Mwantum."

Damiani akanishika mkono. Mtu wa kwetu yeyote analijua hili: jioni ukiitwa na hujamwona anayekuita, unafunga mdomo mpaka ajitokeze.

"Usiitike," akanong'ona. "Mama, nakuomba."

Nilijua. Nilifundishwa kabla sijang'oa jino la kwanza. Lakini mdomo ulioizoea sauti hiyo miaka thelathini na tisa haungoji ruhusa ya kichwa.

"Mwantum."

"Abee."

Ile taa ndogo ya diski, iliyokuwa ikipepesa muda wote, ikatulia. Kwenye kioo, hamsini na nane ikawa sifuri. Kazi imekwisha. Moshi nao ukatoweka, kama mtu aliyefunga mlango.

Damiani akaniwekea ile sauti kwenye sidii. Akatoka nje kabla yangu, akaiacha mashine inawaka.

Treni niliiwahi, nikamrudishia Rahimu diski yake. Baadaye Rahimu alipiga simu kwa jirani akasema faili walilolikuta Dodoma lilikuwa na dakika nne zilezile. Damiani anasema labda lilikuwa tundu, labda umeme mdogo. Anasema hivyo mchana tu. Jioni hataki nilitaje.

Sidii sijawahi kuisikiliza. Sina mashine, na siihitaji.

Kwa sababu ananiita. Kila baada ya magharibi, kutoka upande wa vichaka. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Na kuna jambo sijamwambia Damiani. Mselemu hakuwa mtu wa subira. Akiita, usipoitika, anainuka anakufuata hukohuko uliko na maneno yake makali. Miaka yote ile hakuwahi kuniita mara ya pili.

Huyu anaita, anangoja. Anaita tena... anangoja.

Mimi si mjinga. Najua simjui ninayemwitikia. Lakini niambie wewe unayesoma: Itigi nzima, nani mwingine ananiita Mwantum?

Jana sauti haikutoka vichakani. Ilitoka jikoni.

Nikaitika.