Kiti Kilichosifiwa na Kila Mtu

Siku hizo nyumba yetu iliamshwa na randa. Kabla chai haijachemka, mume wangu alikuwa barazani, anapiga randa mbao. Maranda yaliruka mpaka ndani. Yaliingia kwenye nywele, kwenye viatu, hata kwenye vikombe.

"Baba watoto," nilimtania kutoka kwenye cherehani yangu, "leo chai yako imekuja na kitafunio."

Naye alikunywa, maranda na yote. Mpaka leo nikinusa mbao mbichi na gundi, nasimama kidogo.

Mume wangu alikuwa seremala. Kiwanda cha samani alichofanyia kazi kilikuwa kimefungwa. Msimamizi mmoja wa ujenzi alimwahidi kazi, lakini mbali sana. Lori la wafanyakazi lingeondoka baada ya miezi mitatu. Akienda, angekuwa anarudi nyumbani mara moja tu kwa mwaka. Watoto wetu wawili walikuwa bado wadogo. Mimi sikutaka aende. Yeye pia hakutaka.

"Nitatengeneza kitu changu mwenyewe," alisema. "Watu wakikitaka kabla lori halijaja, siendi popote."

Wazo alilipata kwangu. Siku moja nilirudi kutoka kusukwa nywele, shingo imekakamaa. Nilikuwa nimekaa sakafuni mchana kutwa.

"Kwa nini wasusi hawana kiti cha maana?" aliuliza. "Nitawatengenezea."

Akachora kiti kifupi chenye egemeo refu nyuma, ili mteja aegemeze mgongo na kichwa. Alikuwa na mbao za kutosha viti kumi na viwili. Akatengeneza vyote kumi na viwili. Kabla ya hapo hakuna msusi hata mmoja aliyekuwa amekijaribu. Viti vilijaa chumbani, na ili ufike kitandani ilibidi upande kama mbuzi.

"Unakionaje?" aliniuliza, uso umemchanua.

"Kizuri sana," nilijibu.

Jibu hilo lilikuja kunisuta.

Kiti kimoja alikipeleka kwa msusi wa mtaa wa pili, akitumie bure. Wasusi wengine walikuja kukitazama. Wote walisifu. "Fundi, una mikono ya dhahabu! Kiti kizuri mno!" Lakini hakuna aliyesema, "Nami nataka cha kwangu."

"Labda hakimeremeti," mume wangu alisema. Akaongeza vanishi. Akachonga ua kwenye egemeo. Kimya. Akachonga ua la pili. Kimya tena. Zilipobaki wiki tatu, nilimwona anapanga misumeno yake kwenye sanduku la safari.

Tulikuwa na jirani tuliyemwita Mama Fagio. Alikuwa anatengeneza mafagio ya mpini mrefu, na mtaa mzima ulifagia kwa mafagio yake. Kabla ya hapo aliwahi kutengeneza sabuni isiyotoa povu na mikoba iliyokatika mikanda. Alizoea kusema, "Mimi nimesomea kuanguka, na nimefaulu." Siku ile alikuja kuchukua gauni nililomshonea, akagonga goti kwenye kiti.

"Shemeji," alimwambia mume wangu, "hii ni nyumba au ukumbi wa mkutano?"

Mume wangu akamweleza yote. Mama Fagio akasikiliza mpaka mwisho.

"Uliwauliza nini hao wasusi?"

"Niliwauliza kama ni kizuri."

"Haya. Mgeni ukimpa chai isiyo na sukari, halafu ukamuuliza kama ni nzuri, atasemaje?"

"Atasema nzuri."

"Na kikombe cha pili?"

"Atasema ameshiba."

"Basi wasusi wako wameshiba, shemeji. Watu wana adabu zao. Usimuulize mtu kama kitu chako ni kizuri. Nenda ukamtazame anavyokitumia. Na mdomo ufunge."

Tukaenda watatu kwa yule msusi, bila taarifa. Tulipofika mlangoni, tulikiona kiti. Juu yake palikuwa na vitana, kioo, chupa ya chai na taulo lenye maji. Mteja alikuwa amekaa sakafuni. Mbele yake kulikuwa na ndoo iliyopinduliwa, na juu ya ndoo mto. Alikuwa ameulalia kwa mikono.

Msusi alituona, akaruka. Akafagia vitana vyote kwa mkono mmoja.

"Shikamoo, mama! Karibu, dada! Fundi, kiti chako hiki hapa, tunakikalia kila siku!"

"Tangu lini?" mteja aliuliza.

Mama Fagio alicheka mpaka akashika mlango. "Marahaba, binti. Hatukuja kukagua. Endelea na kazi yako kama vile hatupo."

Tukakaa muda mrefu. Mume wangu alitaka kueleza, nikamfinya. Akataka tena, nikamfinya zaidi. Basi akatazama. Aliona mteja anainama mbele msusi akifika kisogoni. Aliona msusi anakigeuza kichwa huku na huku, mikono yake inazunguka pande zote.

Kisha Mama Fagio akauliza kwa upole, "Binti, mara ya mwisho ulipomkalisha mteja kwenye kiti kile, ilikuwaje?"

Msusi akatazama chini. "Kusema kweli, mama, kisogo sikukifikia. Lile egemeo linanizuia. Nilimwambia akae upande, akadondoka."

Njiani mume wangu alitutangulia kwa hatua ndefu. Nilidhani amekasirika. Tulipokaribia nyumbani akasimama.

"Miezi miwili," alisema, "nimetengeneza kiti cha kumzuia msusi asisuke."

Akaanza kucheka. Nami nikaona ni wakati wa kusema.

"Hata mimi niliona kwamba kitanisumbua kisogoni. Mimi ndiye ninayesukwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi mno."

"Mama watoto, afadhali ungeniudhi."

Kesho yake alitaka kurekebisha viti vyote. Mama Fagio akamkatalia. "Kimoja tu. Ukikosea, umekosea kimoja." Basi akachukua msumeno, akakirudisha nyumbani kile kiti cha msusi na kukata egemeo lake, pamoja na maua yake mawili. Niliona inavyomuuma. Kisha akapigilia ubao mbele ya kiti, ili mteja aulalie kwa mikono. Akanyoosha mkono kuchukua vanishi.

"Acha!" Mama Fagio alisema. "Kikimeremeta watakuonea haya. Kiache kibaya hivyo hivyo, wakikosoe wapendavyo."

Kweli ilikuwa hivyo. Msusi alipokiona hakusifu kitu. "Fundi, huu ubao uko chini mno. Tena unaumiza mikono." Mume wangu akarudi, akaupandisha. Akakipeleka tena. "Urefu sasa sawa, lakini bado unaumiza." Ulihitaji mto ulioshonwa vizuri, na yeye sindano hakuijua. Aliingia ndani, akasimama mbele ya cherehani yangu kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Nifundishe," alisema.

Fundi mwenye miaka kumi na tano kazini! Alijichoma vidole vyote. Mto wake wa kwanza ulifanana na kiazi. Nilimcheka, lakini nilimfumulia na kumwonyesha upya, mara nne. Wa tano ukakaa.

Alipokipeleka mara ya tatu, alikiacha siku tatu, kisha akaenda kukichukua ili akitumie kupimia viti vingine. Msusi akasimama mbele yake.

"Hiki hakitoki hapa, Fundi. Kapimie kingine."

Hakusema kizuri. Wala hakuhitaji kusema. Jioni ile ile wasusi wawili walikuja nyumbani kwetu kuuliza vyao, na mmoja wao alitaka kirefu zaidi kwa sababu magoti yake yanauma. Mume wangu hakubisha. Alimwuliza tu, "Huwa unakaaje?" Akatoa kipimo.

Vile viti kumi na kimoja vilinunuliwa, vikatoka chumbani mwetu kimoja kimoja, kila kimoja kikiwa bora kidogo kuliko kilichotangulia.

Asubuhi ya lori, honi ililia nje. Mume wangu alikuwa amepiga magoti sakafuni, mto mapajani, uzi mdomoni. Hakuweza kujibu. Nikatoka mimi.

"Fundi yuko wapi?" msimamizi aliuliza. "Tunachelewa."

"Anashona," nilimjibu.

Alinitazama kama niliyepungukiwa na akili. Kisha lori likaondoka. Nilisimama barazani, nikausikiliza mlio wake mpaka ukapotea, halafu nikarudi ndani kumwonyesha mume wangu jinsi ya kufunga fundo.