Mlango wa Njiani

Haya yalimkuta rafiki yetu Telesfori wa Ihanda, mwaka wa tisini na tano. Nyumba yake mpya ilibakiza mlango tu. Alikuwa anaelekea Kayanga kuutafuta alipomkuta njiani mtu asiyemjua, ameegemeza mlango wa mbao kwenye mgomba, komeo lake bado lipo.

“Umeung'oa nyumba gani?” Telesfori akauliza.

“Nunua tu, ndugu. Wenyewe hawatauulizia.”

Telesfori alijua fika kwamba mlango uliotumika haununuliwi njiani. Kwanza unaenda kuiona nyumba ulikong'olewa, majirani wakiwepo. Lakini bei ilikuwa ya chini na mvua ilikuwa inakuja. Akalipa, akajitwisha.

Njia yote komeo liligongagonga karibu na sikio lake. Alipofika nyumbani aliuegemeza mlango kwenye ukuta wa chumbani, akalifunga komeo kwa kamba ya mgomba, likanyamaza.

Jioni, giza likiwa limeshaingia, mkewe Immaculata alikuwa anamenya ndizi. Sauti ikapiga hodi, taratibu, ya mtu aliyechoka kwa mwendo.

“Karibu,” akajibu, kama anavyojibu kila siku.

Nje hapakuwa na mtu. Ila kule chumbani komeo liligonga, mara moja tu.

Telesfori akaenda na koroboi. Kamba ilikuwa sakafuni, fundo limefunguliwa. Mlango ulikuwa umesimama wenyewe, umeachana na ukuta upande mmoja, nafasi ya kupita mtu.