Mita Moja Iliyopungua

Daraja la magogo liliondoka wakilitazama. Maji mekundu yalilinyanyua, yakaligeuza ubavu, likaenda zake na mto.

"Nilisema tuondoke asubuhi!" Theresia alifoka. "Nilisema, mjomba!"

Alisema, tena mara tatu. Lakini mjomba Bonifasi, kaka wa mama yake na msimamizi wa ardhi ya ukoo huku milimani juu ya Kinole, hakutaka mtu aondoke kabla kaburi la bibi halijafagiwa na pombe ya tambiko haijamwagwa yote. Wingu lilikaa juu ya Uluguru tangu alfajiri, jeusi kama sufuria. Mtu mzima mzaliwa wa hapa analiona, halafu anasema litapita! Na daraja la zege? Linaahidiwa kila uchaguzi. Kura zinapigwa, magogo ni yaleyale.

Walipogeuka kutafuta pa kujibanza, kipande cha mlima kikaporomoka. Andrea, mume wa Theresia, alimsukuma mkewe pembeni. Jiwe likamponda yeye mguu, chini ya goti.

Theresia alivua kanga yake, akamfunga juu ya goti, akaikaza kwa kijiti mpaka damu ikapungua.

"Unavisikia vidole?"

"Sivisikii," alisema Andrea. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Mjomba, huu mguu haungoji kesho. Tunavukaje?"

Simu haikuwa na mtandao. Ng'ambo kulikuwa na njia ya pikipiki, na chini kabisa, Morogoro mjini, hospitali. Nyuma yao mlima ulikuwa na ufa mpya uliokuwa ukinywa mvua.

Bonifasi alikuwa na shoka la kufyekea makaburini. Ujana wake wote alikata miti ya mbao, na hapo kingoni ulisimama mkaratusi mmoja, umenyooka.

"Tunaulaza huu."

"Utafika?"

Mzee akashuka kando ya mto, akaupa mti mgongo, akainama, akachungulia kileleni kati ya miguu yake. Ndivyo wapasua mbao wanavyopima: ukikiona kilele hivyo, umbali wako na mti ndio urefu wake. Akarudi akihesabu hatua.

"Unafika na kuzidi."

Theresia alikuwa mwalimu wa hesabu, sekondari ya Mafiga, Morogoro mjini. Aliutazama ule mteremko.

"Umeshuka bondeni, mjomba! Kipimo hicho ni cha tambarare. Hapa umejumlisha na mteremko. Nipe kamba ya mzigo."

Kamba ilikuwa ya mita kumi. Akatoa protrakta, kile kipimapembe cha shule, kwenye mkebe wa hesabu aliokuwa nao mkobani. Kwanza mto. Ng'ambo, mkabala na mkaratusi, palikuwa na jiwe jeupe. Alivuta kamba kutoka shinani pa mkaratusi kufuata tuta la shamba, sawa kabisa, bila kupanda wala kushuka, pembe mraba na mstari wa jiwe. Kwenye ncha akalilenga jiwe: digrii sitini. Upande mmoja anao, pembe anayo, upande uliobaki ni upana wa maji. Kumi mara tanjenti ya sitini. Mita kumi na saba na kidogo.

Kisha mti. Kamba ileile, kwenye tuta lilelile. Akafunga uzi wenye kijiwe kwenye protrakta, akakilenga kilele, akakokotoa kwenye simu, akaongeza kimo cha jicho lake.

"Kumi na sita na kidogo. Mjomba, mti umepungua mita moja."

"Nimekata miti kabla mama yako hajaolewa!"

"Mita moja! Ukate ule msufi."

Msufi ulikuwa juu kidogo, kichwani pa kaburi la bibi. Alikuwa ameshaupima kwa macho, na sasa akaupima kwa pembe: mita ishirini na mbili na ushei. Hata ukitoa umbali wake na ukingo, ulivuka na kubaki.

Bonifasi alimtazama kama aliyetukanwa. "Mti wa kaburi haukatwi. Eti kwa ajili ya mtu wa kuja!"

Mtu wa kuja alikuwa amelala matopeni, anasikia kila neno.

Mzee akaupiga mkaratusi. Theresia alimshika mkono, akasukumwa. Alimkinga mumewe na mvua, analegeza kanga, anaikaza, anamlaani mjomba wake kwa sauti bila haya. Muda ulikwenda na damu ikaenda. Mwishowe mkaratusi ulilia, ukaanguka sawasawa kuelekea jiwe jeupe, maana kukata anajua, hilo asinyimwe. Kilele kikapiga maji, kidogo tu kabla ya kuufikia ukingo wa pili. Mto ukakikamata, ukauzungusha mti mzima, ukautwaa.

Kisha mlima ukatoa mawe mengine.

Theresia alimpokonya shoka.

"Nisikilize vizuri. Ardhi hii ni ya bibi, ikaja kwa mama, inakuja kwangu. Wewe unailinda tu! Na watoto wa huyu mtu wa kuja ni wa ukoo gani? Si wetu? Watazikwa hapahapa, na baba yao umemwacha afe kwa kiburi!"

Akaupiga msufi. Vibaya, shoka likateleza, akapiga tena huku analia kwa hasira. Pigo la nne mkono wa mzee ukaushika mpini.

"Utatuangukia," alisema kwa sauti ndogo. "Nipe."

Mti wa msufi ni laini. Ulipolala, matawi yake yaling'ang'ania kichaka cha ng'ambo, na ukatulia. Walivuka wameupanda kama punda, Andrea kafungwa kamba kiunoni kwa mkewe, mzee nyuma akiubeba ule mguu mikononi. Katikati maji yaliwalamba mapaja. Andrea alipiga kelele mara moja tu, kisha akazimia.

Vijana wa pikipiki waliwapokea ng'ambo.

Hospitalini daktari hakuzunguka. "Mngefika mapema kidogo, tungejaribu kuuokoa." Mguu ulikatwa chini ya goti.

Siku mzee alipokuja wodini, alisimama mlangoni na kofia mkononi, akingoja shikamoo yake. Theresia hakuwahi kumnyima mkubwa shikamoo tangu azaliwe. Siku hiyo alimnyima. Alimkazia macho tu.

"Mita moja, mjomba," alisema.

Mzee alitazama shuka, pale liliposhuka ghafla upande mmoja.

Andrea akajiinua kwa kiwiko.

"Shikamoo, mjomba."

Bonifasi alifungua mdomo. Marahaba ni neno jepesi, hata mtoto analitamka. Yeye likamshinda, akaketi palepale sakafuni, akajifunika uso kwa kofia.