Roho Tatu za Shuka-Panda

Kila alipotoka shule, Kapinga alivua sare, akala ugali wa bukari uliobaki, kisha akaketi mbele ya kompyuta kuukuu na kusubiri umeme. Katika mtaa wao wa Dilala umeme huja unapopenda wenyewe. Ulipokuja, hakuna aliyeweza kumwinua pale, hata mama yake kwa kelele zote. Msichana huyu wa miaka kumi na minne alikuwa akitengeneza michezo ya simu. Alichora peke yake, akaandika maagizo ya kompyuta peke yake, na hata mlio wa mawe yanayoanguka aliutoa kwa mdomo wake.

Mchezo wake mpya aliuita Shuka-Panda. Mchimbaji mwenye kofia nyekundu anashuka shimoni, anajaza mfuko mawe ya kijani ya shaba, kisha anapanda kabla udongo haujamfunika. Habari za shimo alizipata kwa baba yake, Tata Kanyinda, aliyechimba miaka mingi kabla ya kuanza kuuza makaa yanayotoka Mutshatsha.

Mwanzoni, mchezaji akifunikwa na udongo, mchezo uliisha. Kapinga aliupeleka kwa Symphorien, mwenye kibanda cha kuchaji simu na kuwatilia watu nyimbo na michezo kwenye simu kwa malipo. Watoto waliujaribu mara moja, wakarudi kwenye michezo ya mpira.

"Mutoto wangu, hii mchezo ni kama matanga," Symphorien alimwambia. "Batoto banakufa mara moja, banaenda zao. Bape roho tatu. Weka na njia ya kutokea."

Kapinga alirudi nyumbani akiburuta miguu. Makaa yalikuwa hayanunuliwi, mama alikuwa amekwenda Lubudi kutafuta mahindi ya bei nafuu, na shuleni walikuwa wameshamrudisha nyumbani kwa ajili ya ada. Tumaini lake lote lilikuwa kwenye mchezo ule. Akaweka roho tatu: mchezaji akifa, anaamka na kuanza tena. Upande wa kulia wa shimo akachora mlango unaong'aa, unaomtoa mtu juu bila shida.

Baba yake aliinama akatazama kioo.

"Na mupepo iko wapi?" aliuliza. "Kule ndani mutu anakosa pumzi. Na huu mulango, nani aliuchimba?"

"Tata, ni mchezo tu. Batoto banajua."

Tata Kanyinda alitikisa kichwa, akarudi kwenye magunia yake. Basi Kapinga akaurudisha mchezo kibandani, na Shuka-Panda ukanunuliwa kama maandazi ya moto. Watoto waliucheza njiani, uani, na hata chini ya madawati. Lakini hakuna aliyeupenda kuliko Tshilombo, mdogo wake Kapinga, mwenye miaka minane, aliyemwita dada yake huyo Yaya. Alijua kila kona yake.

Alasiri moja Elisée, rafiki wa Tshilombo, aliingia uani mbio, miguu mitupu, uso umejaa machozi.

"Yaya Kapinga! Tshilombo eko mu shimo!"

"Shimo gani?"

"Mu ile nyumba haina watu! Alisema atapita kulia, atatokea ku mulango. Nimengoja, hatokei!"

Nyumba ile waliijua wote. Mwenye nyumba alichimba chini ya sakafu akitafuta shaba, akahama, akaacha shimo limefunikwa kwa bati. Kapinga alikimbia huku akimwita baba yake kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua.

Bati lilikuwa limesogezwa. Shimo lilikuwa jembamba, jeusi, na lilitoa harufu ya udongo mbichi. Kapinga aliketi ukingoni akaanza kuteremsha miguu. Baba yake akamshika kiunoni akamvuta nyuma kwa nguvu.

"Niache, Tata! Mi nitamutoa!"

"Ukishuka bila mupepo, nitatoa batoto babili!" Tata Kanyinda alifoka. Akamtuma Elisée kwa Mukalay, mchimbaji wa mtaa wa pili, aliyekuwa na mashine ya kupuliza hewa na bomba lake refu. Majirani walianza kujaa, wanawake wakaanza kulia. Tata Kanyinda akawaomba wanyamaze, kisha akaita ndani ya shimo.

Sauti ndogo ikajibu kutoka mbali. "Niko karibu ku mulango!"

"Rudi, mwana wangu! Rudi nyuma!"

"Kichwa inazunguka, Tata. Lakini mulango iko mbele. Nikikufa nitaanza tena."

Watu walitazamana wasielewe. Kapinga alielewa, na laiti angeweza, angezama ardhini palepale. Baba aliita tena, na tena, lakini Tshilombo hakusikia la mtu. Alikuwa anamwamini dada yake. Ndipo Kapinga alipolala kifudifudi, akatia kichwa ndani ya shimo, na mbele ya mtaa mzima akapiga kelele:

"Tshilombo! Hakuna mulango! Mi nilidanganya! Niliuchora sababu nilitaka batu banunue! Hakuna roho tatu! Mi ndiye nilitengeneza mchezo, na ni uongo! Fuata sauti yangu, rudi!"

Kisha kikasikika kilio.

"Yaya, naogopa."

"Kuja kwangu. Tambaa. Mi niko hapa."

Aliendelea kumwita, mara kwa jina lake, mara kwa jina la utani alilompa utotoni. Kilio kilisogea, kikafifia, kikakatika. Kapinga akaita kwa nguvu zaidi. Alimwomba Mungu achukue kompyuta, michezo, chochote, amrudishie mdogo wake tu. Atamwambia nini mama akirudi?

Mukalay alifika anahema, mashine begani. Bomba likashushwa, injini ikanguruma, hewa ikaingia. Tata Kanyinda alifungwa kamba akateremka. Wanaume walishika kamba. Ilipotikisika, walivuta.

Tshilombo alitoka amelegea mikononi mwa baba yake, midomo imebadilika rangi. Baba yake alimpulizia pumzi mdomoni, akampulizia tena. Kapinga alifumba macho. Mtoto akakohoa, akatapika, akalia. Mukalay akasimamisha pikipiki ya teksi, wakampeleka hospitali.

Huko walimwekea hewa puani, na jioni akafungua macho vizuri. Akamtazama dada yake.

"Yaya, nimebaki na roho ngapi?"

Baba ndiye aliyejibu.

"Moja. Hata asubuhi ulikuwa na moja tu."

Tshilombo alipolala, Tata Kanyinda alimtoa binti yake nje, wakaketi kwenye benchi.

"Nitavunja ile kompyuta," Kapinga alisema.

"Usivunje. Kompyuta haikudanganya mutu. Ukweli wa shimo nilikuambia, ukauficha sababu hauuziki. Batoto ba watu banaamini kazi yako, na bitu unaweka ndani binaingia mu bichwa byabo. Fanya kazi yako, mwanangu, fanya sana. Lakini usiuze kitu ambacho siku moja itabidi ukikane mbele ya shimo ili mutu apone."

Kapinga alilia, na baba yake hakumkataza.

Asubuhi iliyofuata, wakati Mukalay na wenzake wakilijaza shimo mawe na udongo, Kapinga alikwenda kibandani. Alimsimulia Symphorien yote, naye akaufuta mchezo bila kubisha. Lakini tayari ulikuwa umeenea kwenye simu nyingi, na hakuna kitufe cha kuuita urudi. Ilibidi apite nyumba kwa nyumba, awaombe watoto waufute, na amweleze kila mmoja kwa nini. Wengine wangemcheka, wengine wangekataa. Alipiga moyo konde, akaanza na nyumba ya kina Elisée.