Waliolala Usingizi wa Baba

Binti wa marehemu shangazi yangu ni mbunifu wa tovuti wa kujitegemea, na kwa sababu mikono yake haijui kusubiri, sisi ndugu zake tunamwita Chapuchapu. Hana ofisi. Anafanyia kazi kwenye meza iliyobanwa kati ya friji na dirisha, na bosi wake ni simu. Wajomba hawajamwelewa hadi leo. Kila wakikutana naye humuuliza atapata kazi lini, halafu kabla hajajibu wanamkabidhi simu zao awatazamie kwa nini hazitoi mlio.

Yeye hajali. Ni mbishi tangu tumboni. Shangazi alikuwa akisema kwamba hata siku ya kuzaliwa alitanguliza miguu ili aingie duniani kwa namna yake mwenyewe. Akiwa kazini huwaza kwa sauti, na mwenye kukaa jikoni kwake husikia mengi. Kwamba wateja wote duniani wanataka nembo yao iwe kubwa zaidi. Kwamba anayesema "kazi ndogo tu" ndiye atakayekumaliza. Kwamba kompyuta haina uchawi wowote, inafanya ulichoiambia na basi. Hilo la mwisho siku hizi halisemi tena.

Alikuwa akiishi na baba yake, dereva wa lori aliyestaafu. Mzee huyo alikuwa bingwa wa usingizi. Akishakula chakula cha mchana anaingia chumbani, na hujamaliza kuosha sahani, mkoromo wake umeshaanza kutikisa vioo vya kabati. Aliupenda usingizi kwa sababu moja, na hakuificha: humo ndimo alimokutana na mkewe. Ndoto ilikuwa ileile miaka yote. Yuko barabarani na lori, shangazi yangu amekaa pembeni yake, anamenya machungwa na kutupa maganda dirishani, na wanagombania redio.

"Leo tena kanizimia redio," alikuwa akisema anapotoka chumbani, uso umechangamka. Kisha anaomba chai.

Basi akaja mteja. Alipiga simu asubuhi moja ya kawaida kabisa, mashine ya kufulia ikinguruma, Chapuchapu na kikombe mkononi. Alisema anatibu watu waliokosa usingizi na anataka ukurasa mmoja tu, wenye fomu. Mgonjwa aandike jina lake, abofye kitufe, basi. Sauti yake ilikuwa ya taratibu, kama ya mtu anayeongea karibu na kitanda cha mtoto. Hakutaka nembo. Hakutaka rangi zibadilishwe. Chapuchapu alipokata simu alicheka peke yake, akasema hatimaye Mungu amemkumbuka kwa mteja mwenye akili.

Wabunifu wa tovuti wana desturi moja. Mteja asipoleta picha na maelezo, hujaza nafasi na chochote kilicho karibu ili ukurasa uonekane umekamilika, halafu baadaye vitu halisi vikija wanabadilisha. Maneno ya kujazia, wanayaita. Mteja huyu alikuwa hajaleta picha ya mgonjwa aliyepona. Chapuchapu akachukua simu, akaenda sebuleni, akampiga baba yake picha akiwa ametoka tu kuamka, shavu lina alama za mto. Chini ya picha akaandika utani: *Mimi nina usingizi wa kumwaga. Njooni niwagawie.*

Alimwonyesha mzee. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Mteja alipoutazama ukurasa alipiga simu.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni baba yangu, ameshikilia nafasi tu. Ukileta picha yako nitamtoa."

"Acha hivyohivyo," alisema. "Usibadilishe hata neno."

Na yeye, chapuchapu kama jina lake, akaurusha ukurasa hewani, akahamia kazi nyingine.

Kesho yake mchana mzee alikula, akaingia chumbani, na vioo vya kabati havikutikisika. Chapuchapu aliosha sahani zote kwenye nyumba tulivu. Alipochungulia alimkuta baba yake amelala chali, macho wazi, anaangalia dari.

"Joto," mzee alisema. "Nitalala baadaye."

Hakulala baadaye, wala usiku. Siku zilizofuata alizunguka nyumbani akigusa vitu: kiti, mlango, mgongo wa friji. Daktari alimpa vidonge, akampa vingine vikali zaidi. Mzee alivimeza vyote kwa utii na kukaa kitandani akisubiri. Ngozi ya chini ya macho ikalegea. Mkono ulioshika usukani wa lori maisha yake yote ukashindwa kushika kijiko. Daktari akamvuta Chapuchapu pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba moyo wa mtu mzima hauwezi kuendelea hivi.

Lakini mzee hakulalamikia moyo.

"Mama yako simwoni siku hizi," alimwambia binti yake. "Sijui yuko na nani."

Mwisho wa kila tovuti anayotengeneza, Chapuchapu huandika kwa herufi ndogo kwamba kazi ni yake, na namba yake ya simu. Ni tangazo la bure. Watu hukosea, humpigia yeye badala ya mwenye biashara. Kwa hiyo hakushangaa simu ya kwanza ilipoita. Alikuwa fundi viatu, anataka kushukuru. Hakuwahi kulala vizuri tangu ujana, na sasa analala fofofo.

"Na ndoto tamu," fundi alisema. "Naendesha lori. Mimi hata baiskeli siwezi."

Chapuchapu aliacha kuchapa.

"Peke yako?" aliuliza.

"Hapana. Kuna mama amekaa pembeni. Anamenya machungwa."

Simu ya pili ilikuwa ya muuguzi. Lori, barabara, machungwa. Ya tatu, kijana wa duka la simu. Alisema yule mama ni mkali, hataki redio. Wote walikuwa na furaha. Wote walikuwa na sauti za watu walioshiba usingizi. Chumba cha pili, mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, macho yamemtoka.

Mwingine angekimbilia kulia. Chapuchapu alipandwa na hasira. Alifungua ukurasa akaifuta picha ya baba yake, akafuta na maneno. Nafasi ikabaki nyeupe. Akavuta pumzi, akaufungua upya. Picha ilikuwepo. Akafuta tena. Ikarudi. Akapigia kampuni iliyokodisha nafasi ya tovuti, awaombe waizime kabisa. Kijana wa huduma kwa wateja alitafuta, akatafuta tena, akamwambia kwa upole kwamba kwenye mitambo yao hakuna tovuti yenye jina hilo.

"Mbona mimi naiona hapa?"

"Dada," kijana alinong'ona, "hata mimi naiona. Ila haiko kwetu."

Simu ikaita papo hapo. Alikuwa mteja.

"Unahangaika nini?" aliuliza, taratibu vilevile.

"Toa picha ya baba yangu."

"Aliahidi kugawa. Maneno yako pale chini."

"Maneno ni yangu. Niliyaandika mimi. Ulikuwa utani."

"Yalipoandikwa, yeye alicheka," mteja alisema. "Hakukataa."

Chapuchapu aligeuka akatazama sebuleni. Hakuna aliyekuwa sebuleni siku ile isipokuwa yeye na baba yake.

"Sikiliza wewe," alisema. "Sijui wewe ni nani, na sitaki kujua. Huyo mzee humli."

"Mimi sili," mteja alijibu. "Wanakula wao." Akakata.

Aliogopa. Aliniambia mwenyewe kwamba aliogopa, na huyo si mtu wa kukiri hovyo. Alikaa mbele ya kompyuta mchana ule, jua limejaa dirishani, watoto wa jirani wanacheza mpira nje. Halafu akaitazama ile fomu. Aliitengeneza yeye. Haikuuliza jina la mgonjwa tu; ilikubali jina lolote lile. Anayeandikwa ndiye anayelala.

Akaandika jina la baba yake. Akabofya.

Chumbani, kitanda kililia. Alikimbia akachungulia. Kope za mzee zilikuwa zimeshuka. Zilikaa chini kwa pumzi moja, kisha zikafunguka tena, polepole, kama mtu anayezivuta kwa uzi. Kulikuwa na wengine kwenye foleni. Walikuwa wengi. Walikuwa wanabofya mchana kutwa.

"Mwanangu," mzee alinong'ona, "nilikuwa nimefika barabarani."

"Utafika tena, baba. Ngoja kidogo."

Hapo ndipo ubishi wake ulipofaa. Alirudi mezani akaandika programu fupi, ya kitoto kabisa, ambayo kazi yake ni moja: kuandika jina la mzee na kubofya, kuandika na kubofya, bila kupumua, haraka kuliko vidole vya watu wote wenye kukosa usingizi. Akaiwasha. Akaiwasha na kwenye kompyuta ya zamani iliyokuwa kabatini. Akaniambia na mimi niiwashe kwangu, nami niliwasha, sijui ninachofanya.

Ukurasa ukaelemewa, ukaanza kusuasua. Picha ya mzee ikawa inakuja nusu nusu, mara paji la uso, mara kidevu. Simu ikaita. Ya mteja. Hakupokea. Ikajipokea.

"Acha," sauti ilisema. Haikuwa taratibu tena.

Chapuchapu aliendelea kuangalia kioo cha kompyuta.

"Utawaamsha wote."

"Waamke."

"Ni wagonjwa. Utawatesa."

"Watafute usingizi wao," Chapuchapu alisema. "Huu una mwenyewe."

"Nitakuja hapo."

"Njoo. Mlango uko wazi. Njoo mchana huuhuu watu wakuone sura."

Kwenye simu kulikuwa na kitu kinapumua, karibu sana, karibu kuliko simu inavyoweza kuleta. Chapuchapu hakugeuka. Mpira wa watoto uligonga ukuta nje, ukagonga tena. Feni ya kompyuta ikapiga kelele. Picha ikakatika. Maneno yakakatika. Kioo kikawa cheupe.

Kisha, kabatini, kioo kimoja kikatikisika. Kikafuata kingine. Mzee alikuwa anakoroma.

Hapo ndipo Chapuchapu alipolia. Alilia akiwa amesimama, ameegemea friji, mpaka kwikwi zikamwisha.

Ukurasa haukurudi. Tuliutafuta, hakuna. Mzee alilala mchana ule, akalala usiku, rangi ikamrudia, mkono ukashika kijiko. Daktari alifurahi, akasema vidonge vimefanya kazi. Lakini mzee alikuwa akitoka chumbani bila kuchangamka na kuomba chai bila hadithi.

"Nalala," alimwambia binti yake, "lakini lori ni tupu. Redio inaimba tu."

Wengi waliopiga simu zamani hawakupiga tena. Mmoja alipiga, mwalimu wa chekechea, mwanamke mwenye sauti ya aibu. Ilikuwa mchana, mzee amelala. Mwalimu alisema yeye usingizi wake umerudi kuwa wa mang'amung'amu, lori halioni tena, ila yule mama bado anamwona kila akifumba macho.

"Amesimama pembeni mwa barabara," alisema. "Ana kibegi. Ananiuliza njia ya kurudi kwake. Simjui, dada, sijui nimwambie nini. Juzi alilia."

Chapuchapu alitazama mlango wa chumba cha baba yake. Mtu mwenye hofu yake angekata simu; wafu hawarudishwi nyumbani, na kila mtu anajua kwa nini. Lakini yule ni mama yake, amekwama barabarani kwa sababu ya utani wa binti yake, na Chapuchapu hakuona nani wa kumzuia.

"Unaweza kulala sasa hivi?" aliuliza.

"Nimejilaza tayari. Macho mazito."

"Basi mwambie hivi. Afuate barabara ya lami mpaka kwenye mnara wa maji. Akate kushoto, apite kiwanda cha mbao. Nyumba ya mwisho, mlango wa bluu. Mwambie hatujabadilisha kitasa."

"Mnara wa maji," mwalimu alirudia, sauti inafifia. "Kushoto. Mlango wa..."

Akalala kwenye simu. Chapuchapu alimsikia akipumua, akaacha laini wazi, akasubiri. Nje kulikuwa na jua kali na hakuna upepo. Baada ya muda mwalimu alisema neno moja kutoka ndani ya usingizi, kwa sauti iliyotulia sana.

"Amefika."

Mkoromo wa mzee ukakoma.

Chapuchapu aliweka simu chini. Alitembea bila viatu mpaka chumbani, akasukuma mlango. Baba yake alikuwa macho. Alikuwa amejisogeza ukingoni kabisa mwa kitanda kile kikubwa, nusu ya mwili iko nje, kama mtu aliyempisha mwenzake. Uso umechangamka. Aliweka kidole mdomoni.

"Polepole," alinong'ona. "Amechoka na safari."

Upande wa ukutani hapakuwa na mtu. Kulikuwa na godoro na mto, mto una bonde katikati. Chapuchapu hakurudi nyuma. Alifungua kabati, akatoa shuka safi, akalikunjua, akamzungukia baba yake na kulitandaza juu ya upande ule, taratibu, kama mtu anavyomfunika mama yake.

Shuka lilishuka, likatulia. Halikufika kwenye godoro.