Sauti Iliyomkimbia Karani

Karani wa shule alikaa, akasimama, akakaa tena. Macho yake yalikuwa yamefifia mwaka hadi mwaka, mpaka herufi za kompyuta zikawa kama mchanga. Shule ikamwekea programu ya kusoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye kioo. Lakini msaada huo ukamzidishia wasiwasi. Sauti ilikwenda mbio, ikatamka Kiswahili kama mgeni aliyeshuka jana, tena ikataja kila nukta na kila mkato.

Wiki hiyo mambo yakaharibika. Wazazi walitakiwa mkutanoni Jumatano, naye kwenye barua ya mwaliko aliandika Jumanne. Sauti ilipolisoma kosa, lilimpita. Wazazi wakafika, wakakuta ukumbi umefungwa. Mwalimu mkuu hakumgombeza. Alimwambia taratibu kwamba kosa likirudiwa, atamhamishia stoo ya vitabu. Upole ule ulimchoma.

Jumamosi alimwomba wifi yake aje ofisini. Wifi haoni kabisa, na ni mpokea simu wa hospitali. Kompyuta yake nayo humsomea. Alisikiliza sentensi mbili tu, akacheka.

"Wifi, huyu anasoma kama anafukuzwa na nyuki. Unamwelewa?"

"Simwelewi. Nadhani na masikio yanakufa."

"Masikio yako mazima. Umevaa kiatu cha mtu mwingine. Kiatu kikibana, hukati kidole."

Wifi hakugusa kompyuta. Alitaka vidole vya karani vijifunze njia. Alimwelekeza afungue mipangilio, aingie sehemu ya usemi. Kwanza wakachagua sauti ya Kiswahili. Kisha wakapunguza kasi, kutoka themanini hadi thelathini na tano. Sauti ilikuwa nyembamba, ikimkera. Wakaifanya nzito kidogo. Upande wa alama za uandishi, wakachagua zitajwe chache. Sasa penye mkato sauti ilipumua tu. Mwisho wakaiagiza itamke kila neno karani anapomaliza kulichapa.

Karani alitaka kuondoka. Wifi akamzuia: ajaribu kwanza kwa barua ya kweli, ndipo ahifadhi mipangilio. Karani akaisikiliza barua nzima, neno kwa neno. Mabega yake yakashuka.

"Mbona kama anasinzia?" aliuliza.

"Mwache asinzie. Kila wiki mwongezee kasi kidogo. Ukipotea, punguza. Si aibu."

Ndivyo alivyofanya. Baada ya miezi miwili alikuwa amefika sitini, na visikizi masikioni ili asiwasumbue wenzake.

Asubuhi moja mwalimu mkuu alimletea kwenye flashi barua aliyoichapa mwenyewe. Alisimama mlangoni, ana haraka, anataka ichapishwe mara moja. Karani aliifungua kwenye kompyuta, akasikiliza, akainua mkono.

"Samahani, mwalimu. Hapa umeandika, 'wanafunzi wote waje na watoto wao.'"

Mwalimu mkuu akainama kwenye kioo. Akasoma mara mbili. Kisha akavuta kiti, akakaa.

"Hebu isikilize yote," alisema. "Kuanzia juu."